Kioo Chekundu cha Ukumbi wa Zamani

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, ziwa halionekani, weupe mtupu. Hatukupanda kwenye paa leo. Tumeshinda barazani bila kazi, na hilo limenichosha kuliko kubeba mbao.

Sina raha.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni kibarua, niliishia darasa la sita, kwetu ni Ngenge, Muleba. Niko Bukoba tangu kiangazi, tunaezeka upya ukumbi wa zamani wa mji. Nakaa Hamugembe kwa shemeji yangu Deus, kaka wa mke wangu. Yeye ni fundi wa paa, na ndiye aliyeniingiza kazini.

Ukumbi wenyewe ni wa enzi za wakoloni. Kuta nene, ngazi pana za mawe, na juu ya mlango kulikuwa na kioo cha duara, chekundu. Jua likitoka ziwani kilikuwa kinawaka kama kaa. Maharusi walikuwa wanakuja kupiga picha chini yake. Tetemeko lilipasua nyumba nyingi mjini, chenyewe kikabaki.

Nilipofika nilikuwa napotea kila mara. Kanisa, soko, bandari, vyote vilinichanganya. Mlinzi wa ukumbi, mzee tunayemwita Ta Felisian, alinikuta nimeloa, akaniita barazani na kunipa buni za kutafuna, kama mgeni aliyefika kwake. Akanionyesha kile kioo. "Ukikitazama hicho, ziwa liko mgongoni kwako. Mengine utayapata tu."

Sikupotea tena.

Sasa pale juu kuna ubao.

Juzi usiku senene, panzi wetu wa kula, walishuka. Mtu wa Kagera akiona senene wamejaa kwenye taa hana akili ya kitu kingine. Deus akataka mabati mapya ya ukumbi tuyasimamishe kuzunguka mapipa, chini ya taa kubwa ya kazini, ili senene wagonge bati na kuteleza ndani. Mabati yalikuwa stoo, na ufunguo anao Ta Felisian. "Ta, waitu, usiku huu tu," Deus alimbembeleza. Mzee akacheka, akafungua, akaleta na ndoo yake.

Nikamwambia Deus tuyafunge kamba. Akanicheka mbele ya watu.

"Kamba ya nini, shemeji? Hawa ni wadudu, siyo ng'ombe!"

Nikaiacha kamba. Nakula kwake.

Kabla hakujapambazuka upepo ukatoka ziwani, ukanyanyua bati moja, likaenda moja kwa moja kwenye kioo. Sitaisahau ile sauti. Tukarudisha mabati stoo haraka, lile moja likiwa limepinda.

Asubuhi msimamizi wetu alipofika aliona vipande kwenye ngazi, akaingia stoo, akaona bati. Akauliza nani alifungua usiku. Ta Felisian akasema, "Ni mimi."

"Kwani nimeajiri mlinzi au mwizi? Ulikuwa unayapeleka wapi mabati yangu?"

Mzee akainama kuokota vipande. Deus alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi pia.

Kinachoniuma zaidi ni chai ya saa nne siku ile ile. Deus alitoa senene wa kukaanga kwenye mfuniko wa sufuria. Msimamizi, ambaye ni mtu wa Mwanza, akasema, "Nyie Wahaya na wadudu wenu!" Akachota kiganja. Akarudi tena kuchota. Hakuuliza tuliwakamatia wapi.

Kesho asubuhi Ta Felisian anaitwa ndani ya ukumbi, mbele ya msimamizi na bwana wa ofisini. Atafukuzwa kama mwizi, katika mji ambao kila mtu anamjua kwa jina.

Leo nilikaa naye barazani, nikamuuliza kwa nini hasemi. Akanipa buni nitafune.

"Niliyefungua ni mimi. Na nilikula na nyie. Niwataje vipi?"

Jioni nikamwambia Deus twende wote tukaseme. Akageuka mkali.

"Shemeji, juzi wewe ulikuwa umelala. Umesikia? Ulikuwa umelala. Na hilo godoro unalolalia ni la nani?"

Ni lake. Mke wangu ni dada yake. Nikisema, nimemuuza kaka yake, na sijui nitaingiaje nyumbani Ngenge na habari hiyo.

Lakini nikinyamaza, mzee wa watu anaondoka na jina baya kwa ajili ya wadudu tuliokula wote.

Nina kopo la senene nililomwekea mke wangu. Nilikuwa nimtumie kwa basi Jumamosi. Nimelishika mara kadhaa leo nikaona siwezi kumtumia. Asubuhi nitalipeleka ukumbini. Maneno mengi sina, mbele ya watu wa ofisini ulimi wangu huwa mzito. Nitaliweka mezani na kulifungua. Msimamizi ataijua ile harufu. Kisha nitasema nilishika mabati, na hatukuyafunga kamba. Jina la Deus alitaje mwenyewe, akitaka.

Amekaa mlangoni, ananitazama ninavyoandika. Hajauliza ninaandika nini. Kopo liko kando ya mto wangu, na ameliona.

Kesho nitalala wapi?