Benchi la Konstebo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na Mama, na kwamba goti lako la kushoto limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, ambao unanidai mapumziko kwa kukaa miaka kumi kwenye kiti kimoja. Usishtuke kuona mwandiko wangu kwenye bahasha. Najua tangu tukue sijakuandikia hata mistari miwili. Kwenye simu ningebabaika, ungenyamaza kama unavyojua kunyamaza wewe, na mimi ningekata.

Ujumbe wako kuhusu siku utakayoagwa kazini niliupata wiki tatu zilizopita. Najua unasubiri jibu, na najua Mama amekwambia usijisumbue kusubiri. Jibu lipo, ila nitalifikia kwa kuzunguka kidogo. Kwa hiyo vua viatu, weka miguu juu, nikusimulie habari za kazi yangu.

Mama aliniambia uliwahi kumuuliza huyu Kitinda anakula nini huko aliko, maana kazi yake haieleweki. Dada, mimi naendesha mji. Usicheke. Ni mji wa kwenye mtandao, mchezo wa kuigiza. Watu kama mia tatu, kila mmoja akiwa kwake mbele ya kompyuta, wanaingia katika mji uliochorwa kwenye skrini, wenye barabara, hospitali, benki na duka la mikate. Kila mmoja anachagua atakuwa nani humo: daktari, dereva wa teksi, jambazi, na wanaongea kwa sauti zao wenyewe kupitia hedifoni. Mwenzangu tunayemwita Meya anashughulika na watu na ugomvi wao. Mimi natunga kanuni, yaani nani anaweza kufanya nini, kwa kasi gani, akiwa na kifaa gani mkononi.

Shida yetu ilikuwa polisi. Kila mtu alitaka kuwa mpelelezi mwenye koti refu, au inspekta wa kutoa amri, lakini huwezi kufika huko bila kutumikia ukonstebo kwa saa ishirini, na hapo ndipo watu walipotukimbia. Konstebo wetu hakuwa na gari. Buti zake zilimfanya awe mzito kuliko kila mtu mjini. Alipewa filimbi na daftari, akatumwa kuwapelekea wapelelezi kahawa na kulinda magari yaliyoegeshwa. Majambazi walimgeuza mpira wa kuchezea. Kuna mmoja walimfunga kwa utepe wakampandisha juu ya paa la benki, akakaa huko mpaka akazima kompyuta yake kwa hasira. Haikupita saa moja au mbili mgeni alikuwa ameshavua sare na kwenda kujiunga na hao hao majambazi. Meya akapendekeza mwisho wa mwezi tukifute kabisa cheo hicho, kazi zake tuiachie mashine. Nilikubali haraka mno, hata yeye mwenyewe akanitazama.

Aliyetuzuia ni mchezaji mmoja tunayemwita Kobe. Saa ishirini zake alishazimaliza zamani; alikuwa na zaidi ya mia mbili. Kila tulipompa uinspekta alikataa kwa heshima, akisema bado hajaujua mtaa wake vizuri. Mtaa wenyewe ni ule wa nyuma ya duka la mikate, niliouchora harakaharaka siku moja kabla ya chakula cha mchana nikausahau. Kobe aliujua kunishinda. Alijua ni mlango gani haufungi sawasawa, na kwamba yule dereva wa teksi mwenye kelele huona aibu kuuliza njia. Magari yakigongana, wenzake walikimbilia kutazama, yeye akasimama katikati ya barabara kuyaongoza mengine kwa mkono, bila papara. Hata jambazi wetu sugu, Kiberiti, akipita mtaa ule alipunguza mwendo amsalimie. Nilimtazama nikijisemea kwamba huyu mtu ana kasoro, kazi ile haipendeki.

Basi Jumamosi moja alasiri nikaamua kumuumbua. Nilijifanya muuza maua mgeni, nikaenda mtaani kwake nikaiba baiskeli mbele ya duka la mikate, mchana kweupe. Nilitaka anipulizie filimbi, anikimbize na buti zake nzito nilizompa mwenyewe, watu wacheke. Hakukimbia. Alizunguka kwa uchochoro ambao mimi niliyeuchora nilikuwa siukumbuki, nikamkuta ananingoja upande wa pili. Akaniuliza jina langu, akaliandika kwenye daftari, na kosa langu pia, bila kupunguza neno. Kisha akanipeleka kituoni, na badala ya kurudi doria akaketi karibu yangu kwenye benchi.

Nikamuuliza anangoja nini. Akanijibu kwamba anangoja mtu wangu aje. Nikamwambia mimi mgeni, sina mtu katika mji huu. Akasema hamna neno, basi tutakaa. Tulikaa dakika arobaini, dada, watu wazima wawili, kila mmoja kwake, tukitazama benchi la kuchora. Nilimchokoza, nikamwambia anapoteza Jumamosi yake. Ndipo akaniambia kwamba nje ya mchezo yeye ni fundi lifti. Alisema mtu aliyekwama kwenye lifti haulizi sana atatolewa saa ngapi. Anachouliza, tena na tena, ni kama fundi bado yupo. Kwa hiyo yeye hugonga mlango kila baada ya muda na kusema bado nipo, hata kama kazi yenyewe inafanywa na mwenzake huko juu. Akaongeza kwamba ukishaandika jina la mtu, huwezi kuondoka ukamwacha nalo peke yake.

Nilivua hedifoni nikaenda jikoni. Nilifungua bomba la maji nikalitazama linavyomwagika, sikumbuki nilitaka kufanya nini nalo.

Jumatatu yake nilimwomba Meya anipe wiki mbili kabla ya kukifuta cheo. Nikaziondoa zile buti. Nikaondoa kahawa. Kila konstebo sasa ana mtaa wake, na jina lake limeandikwa kwenye nguzo ya kona. Daftari halifutiki, anayeshika zamu baada yako anakuta mwandiko wako. Ugomvi wa mtaani ni konstebo pekee anayeweza kuusuluhisha kabla haujafika kwa wakubwa, na inspekta akitaka kuingilia sharti amuombe ruhusa. Kanuni ya mwisho nikaiandika kwa maneno ya Kobe: anayeandika jina la mtu haondoki mpaka mtu wake aje.

Dada, sasa wanapanga foleni. Wapelelezi wawili wamevua makoti yao wakaomba kushushwa cheo. Kiberiti alijisalimisha Jumapili moja bila kukimbizwa, na nina hakika alitaka tu kukaa kwenye benchi aongeleshwe. Kobe nimempa sifa zote mbele ya watu mia tatu, na kila moja ilimstahili. Yeye alikohoa tu, akasema anawahi mtaani.

Kwenye kikao, Meya aliuliza kwa mshangao ni nani hasa aliyemtengeneza konstebo vibaya vile mwanzoni, kana kwamba alikuwa na kisasi naye. Nakujibu wewe, kwa sababu wewe ndiye unayestahili jibu hilo kabla ya Meya.

Ni mimi, na niliyekuwa nikimcheka ni wewe. Zile buti nzito zilikuwa zako. Filimbi, daftari, kutumwa kahawa, vyote nilivichukua kwako nikavigeuza kichekesho, na kila konstebo alipoonewa nilihisi nimelipiza. Nilikuwa na miaka kumi na saba ulipoikuta ile kompyuta niliyoiba duka la uchapaji chini ya kitanda changu. Watu wote walidhani utalifunika jambo hilo, kwa kuwa mimi ni mdogo wako. Uliandika jina letu kwenye kitabu cha kituo, kwa mwandiko wako mzuri, na mtaani wakakuita Dada Daftari kuanzia siku ile. Nilikwambia umeniuza upate cheo. Cheo hukupata, maana kila walipotaka kukuhamisha ulikataa ubaki na Mama. Unastaafu ukiwa konstebo, na mimi nimeenda na neno lile miaka kumi na tisa bila kulirudisha.

Lakini nilikumbuka nusu tu. Pale jikoni ndipo nusu ya pili iliponijia. Zamu yako ilikwisha saa nane mchana. Baba alifika saa kumi na mbili. Saa nne zote hizo ulikaa karibu yangu kwenye benchi, na sare yako, na mimi nimegeukia ukuta. Ulikata mkate wako ukaweka nusu kwenye paja langu. Mwenzako wa kaunta alikuhimiza uende nyumbani, umechoka, ukamwambia bado uko na mtu wako. Sikutaka kusikia. Nilisikia, dada. Nisamehe.

Sasa jibu lako. Nilikuwa nimeshaandika kwamba nina safari ya kikazi. Sina safari yoyote. Siku hiyo nitafika asubuhi, kabla ya hotuba na kabla ya wageni. Usinitafutie kiti cha mbele. Kama lile benchi karibu na kaunta bado lipo, niachie nafasi, nikae hapo mpaka zamu yako ya mwisho iishe, kisha twende nyumbani pamoja.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie safari hii alikosea kusema usingoje. Shemeji msalimie sana, na uliangalie goti.

Mimi mdogo wako, na siku hiyo mtu wako,

Kitinda