Mwaka Aliosoma Wijdan Nyumbani

Al Khuwair, Muscat
Jumanne, 10 Septemba 2024

Kwa mama yangu, Bi Shaikha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mama, shikamoo. Nnakuamkia mimi mwanao Sleiman, na nyuma yangu wanakuamkia mkweo Balqees na mjukuu wako Wijdan. Natumai barua hii itakukuta mzima, presha imetulia, na miguu haivimbi tena kama ulivyonambia Ijumaa. Mama mkubwa Sayyida naye vipi kitandani pake? Bado anaukataa uji mpaka utiwe hiliki? Mshikie mkono kwa niaba yangu, mwambie dua zake zinatufikia. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na safari hii neno hili naliandika kwa moyo wangu wote.

Najua utashangaa kuletewa barua na hali simu iko na kila Ijumaa tunasemezana. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, Yaqoob, anasafiri kesho kutwa kuja Unguja, nikaona bora nimpe akutie mkononi. Yapo maneno kwenye simu hayanitoki. Kwenye karatasi nnaweza kukaa nayo mpaka yatoke.

Naanza na la furaha. Wijdan amerudi skuli. Jumapili kaamka kabla yetu sote, kavaa sare, kakaa kwenye kochi na mkoba magotini saa nzima kabla ya basi. Yumo darasa la tano pamoja na wenziwe wale wale, hakurudishwa nyuma hata darasa moja. Mwalimu mkuu alikuwa ametwambia mapema kwamba mtoto aliyekosa mwaka mzima lazima apimwe kwanza, na akishindwa atarudia la nne. Basi mwezi uliopita alipimwa. Alikaa chumbani na Ustadha Mazoon, mwalimu wa darasa la tano, kwa muda wa karibu saa tatu: Kiarabu, hesabu, sayansi, na Kiingereza kidogo. Balqees alikaa kwenye kibao ukumbini. Mimi niliomba ruhusa kazini nikaja, lakini kukaa sikuweza. Nilikuwa nazunguka uwanja wa magari kwenye jua la Agosti kama mtu aliyepoteza funguo.

Ustadha Mazoon alipotoka alituuliza nani kamsomesha mtoto huyu. Balqees akatazama chini akasema, "Watu wengi, ustadha." Na kweli ni wengi, Mama, wala hatujawahi kuonana nao hata mmoja. Nnataka nikweleze, kwa sababu wewe mwenyewe uliuliza mara nyingi mtoto anasomaje ndani ya nyumba, na mimi kila mara nilikujibu kwa mkato.

Siku za mwanzo ilikuwa fujo. Vitabu vya wizara vyote vimo kwenye mtandao, unavichukua bure. Juu yake kuna walimu wa Misri, wa Jordan, wa Uingereza, wa wapi, wameweka masomo yao na mazoezi yao, video na karatasi, yeyote ajichotee. Mimi nikachota. Wiki moja nikachapisha kazini karatasi mpaka bosi akaniuliza kama nafungua skuli. Wijdan akipewa somo hili asubuhi, lile mchana, jengine jioni, hakuna linaloungana na jenziwe, na mtoto akalia. Balqees ndiye aliyenisimamisha. Akanambia, "Baba Wijdan, mtandao ni kama soko la Hamriya siku mbili kabla ya Idi. Ukiingia hujui unachotaka, utarudi na mifuko kumi, na kile ulichokifuata hukukinunua."

Kuanzia hapo akashika usukani yeye. Alichukua likizo ofisini kwake, akakaa na vitabu vya wizara, akaandika kwenye daftari mtoto wa darasa la nne anatakiwa ajue nini mpaka mwisho wa mwaka. Halafu kwa kila jambo akatafuta somo moja tu, akalisikiliza mwenyewe kwanza, na lisipomkaa akaliacha. Masomo matatu kwa siku, basi. Hesabu za Kiingereza zilikuwa zikipima barafu na matofaa, yeye akazigeuza zikapima halwa na tende. Somo la sehemu za hesabu tulilifanya kwa mkate wa ufuta, nusu, robo, thumuni, na mwalimu na mwanafunzi wakala ubao wao. Somo la samaki alimpeleka Qantab asubuhi na mapema, pwani haina watu, na mvuvi mmoja mtu mzima, Maan, akamfungulia nguru mashavu amuoneshe anavyopumua. Wijdan alirudi akanifundisha mimi. Sikuwahi kujua, na samaki nimekula miaka arubaini na mbili.

Na kuna moja lazima nikusimulie. Mwezi wa pili alipewa karatasi ya hesabu ya mwalimu mmoja wa Jordan, ina majibu nyuma. Swali la tisa Wijdan kapata jibu jengine. Mama yake kamwambia rudia, karudia, kapata lile lile. Mimi nikarudia, nikapata la tatu. Wijdan akashikilia kwamba mwalimu ndiye aliyekosea, akaandika barua pepe kwa Kiarabu chake mwenyewe, ana adabu kweli, kaanza na salamu na dua. Siku ya tatu mwalimu akajibu. Kasema karatasi ile imetumiwa na maelfu ya watoto na hakuna aliyemwambia, na kwamba amesahihisha. Ukiifungua leo, chini yake pameandikwa kwa herufi ndogo: amesahihisha Wijdan, Muscat. Mtoto alicheka siku ile, Mama. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa wiki tano.

Sasa nnakuomba ukae kitako. Kama umesimama, kaa, na miwani uivue kidogo uifute. Nnaanza na mwisho ili usishituke: mtoto ni mzima. Daktari kampima wiki mbili nyuma, mwili wake msafi, hakuna kitu. Kamwambia aende skuli, acheze, akimbie. Shika hilo kwanza, halafu ndiyo usome yaliyobaki.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, wewe ushaondoka kwenda kumuuguza mama mkubwa, Wijdan alitoka uvimbe shingoni. Tukadhani matumbwitumbwi. Uvimbe ukakaa wiki tatu bila ya kupungua. Hospitali wakakata kipande wakakipima, wakatwambia ni saratani ya tezi. Ugonjwa ule ule, Mama, uliomchukua dada yangu Kawthar. Alitiwa dawa za mshipa miezi sita. Nywele zilimtoka zote, na ndiyo maana kwenye video ulimuona na mtandio hata ndani ya nyumba, nikakwambia anajizoesha stara, ukafurahi ukamwombea dua. Skuli alikatazwa kwa sababu homa ndogo ya mtoto mwenziwe ingemuua. Karatasi ile ya swali la tisa aliifanya kitandani hospitali, sindano iko mkononi.

Nilijiambia nakuficha kwa ajili ya presha yako. Ni kweli kidogo. Ukweli mkubwa ni kwamba niliogopa. Nilikuwepo siku ya Kawthar, nilikusikia ulivyolia, na sikuwa na nguvu ya kuwa mimi ndiye ninayekuliza tena kilio kile.

Lakini hilo silo linalonikosesha raha. Unakumbuka uliponiuliza nani kamtoa mtoto skuli? Jibu la kwanza lililonijia mdomoni ndilo nililokupa. Nilisema Balqees kaona bora amsomeshe mwenyewe. Nilimtupia yeye, Mama. Ukaomba upewe simu umseme. Ukamwambia wewe umesomesha watoto sita kwa taa ya mafuta na hukumfungia hata mmoja ndani, na kwamba anamharibu mjukuu wako kwa uvivu wa kumwamsha asubuhi. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake nasikia kila neno. Siku ile Wijdan alikuwa katoka kutiwa dawa, katapika kutwa, kalala kichwa kwenye paja la mama yake. Balqees alimfunika sikio kwa kiganja, akakwambia, "Nimekosa, Mama. Nisamehe." Akakata simu. Hakunitazama.

Baadaye nilimwambia nitakupigia niseme kweli. Akanizuia. Alisema ukiambiwa sasa utakaa na hofu miezi huko peke yako na mgonjwa mkononi, na yeye kusemwa hakutamuua. Nikakubali upesi, kwa kuwa ilinifaa mimi. Tokea siku ile kila Ijumaa unamuuliza Wijdan, unaniuliza mimi, na yeye unampa salamu ya mbali. Wala hajawahi kunilalamikia. Mwaka mzima kabeba ugonjwa wa mtoto, kabeba skuli nzima kwenye daftari moja, na juu yake kabeba lawama yangu. Mtoto huyu kapona kwa rehema ya Mungu na dawa za madaktari, lakini kwamba kapona na bado ni mwanafunzi, bado anauliza, bado anabishana na watu wa Jordan, hiyo ni kazi ya mikono ya Balqees.

Juzi nilimwambia nakuandikia. Akasema nisikupambie maneno, nikueleze tu kama ilivyokuwa. Nimejaribu.

Nisamehe, Mama. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nitasikiliza mpaka umalize. Wijdan anasema likizo ya Januari atakuja kwako mwenyewe umuone. Nywele zimeota, fupi, zimejipinda kama zako ulipokuwa kijana. Umsalimie mama mkubwa Sayyida, na wote wa mtaani wanaotuulizia. Mungu akupe umri wenye afya na atukutanishe kwa kheri.

Nina ombi moja. Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Balqees huwa nyumbani baada ya Asri. Mpigie yeye.

Mwanao anayekupenda,
Sleiman