Kinyozi Anayenyamaziwa Nyumbani

Mpendwa Shangazi, naomba unisikilize maana nimebaki peke yangu. Mimi ni kinyozi, kutwa nzima naongea na watu na kucheka nao, kibandani kwangu kiti hakipoi, lakini nikifika nyumbani ni kama nimeingia msibani, mama watoto na binti yetu wanakuwa wanaongea jikoni, wakisikia viatu vyangu tu, kimya, nauliza kuna nini naambiwa hakuna, chakula naletewa, salamu naitikiwa, ila neno la ziada sipati, sasa nimeanza kukosa usingizi, moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa, juzi nimelia huku nasafisha mashine za kunyolea na wala sijui nililia nini. Hospitali wamenipima wakasema moyo ni mzima, wakanipeleka kwa mshauri nasaha, dada mmoja mpole, naye akaniambia nirudi na mke wangu kwa sababu kinachoniumiza kiko kati yetu na tutakitafuta wote wawili mbele yake. Nikamweleza mke wangu, akaniangalia weee, akasema, "Nikiyasema huko, hayatafika kibandani?" akaenda zake kuanua nguo. Shangazi, iliniuma, maana mimi sina baya, stori za nyumbani natoa kidogo tu za kuchangamsha wateja, kama ile ya mke wangu alivyogombana na dada yake akalia siku nzima, au binti yetu alivyofeli mtihani akajificha chini ya kitanda, watu walicheka tu, hakuna aliyewasema vibaya. Sasa niende peke yangu, au niachane na mambo ya ushauri?

Kinyozi mpweke

Pole sana, baba. Upweke wa kwenye nyumba yenye watu unauma, na nilikuwa nakuonea huruma mpaka nilipofika kwenye kitanda cha binti yako. Mtu mzima unamwanika mwanao mbele ya watu wenye povu masikioni ili wacheke? Halafu unashangaa wakinyamaza ukiingia! Wanajihami na wewe.

Ushauri usiuache, na peke yako usiende. Kule utamsimulia yule dada mshauri upande wako kama unavyowasimulia wateja, urudi nyumbani na moyo ule ule. Mkikaa wote wawili, mkeo atasema linalomuuma, na wewe utasikiliza bila mashine mkononi. Usingizi wako umefungwa humo humo kwenye ukimya wao.

Na mkeo hajakataa. Kakuuliza swali, ukanuna badala ya kumjibu. Mjibu leo: "Hayatafika." Muombe radhi, kisha binti naye muombe, tena bila kuchekacheka. Usitarajie wakufungulie mioyo kesho, itachukua muda, vumilia.

Mkishatoka kwa mshauri, kesho yake mteja atakaa kitini akuulize mbona jana ulifunga kibanda. Mwambie ulikuwa na mke wako. Atataka uendelee, maana ndivyo ulivyomzoesha. Mnyoe.

Shangazi