Kahawa Baridi ya Kenga

Ganjoni, Agosti 1996

Kwako mume wangu Kenga,

Mimi ni mzima. Bomba la jikoni ndilo bado lavuja.

Jana niliroweka kahawa kwa maji baridi, ikalala, kama ulivyojifunza melini. Leo nimeichuja, nikatia wiski yako, sukari na barafu. Bi Rukiya wa chini aliniona na barafu akauliza kama umerudi.

Mamako alikuja kutoka Kaloleni. Asema mwaka umepita tangu meli yenu ipotee, basi nikumwagie kidogo chini, kama tunavyowamwagia wetu waliokufa. Nikashika gilasi, nikainama mbele yake.

Nikainuka, nikainywa yote mwenyewe, nami wiski siipendi. Iliyobaki chupani utakuja kuimimina kwa mkono wako.

Mkeo,
Dama