Kitambaa na Jani la Kunde

Huruma, 10 Juni 2024

Dada Ayuma,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Sisi wazima, ila goti langu lilelile. Mama anakula?

Dada, nimezushiwa. Mwalimu Kamene wa darasa letu la watu wazima alinituma kununua spiriti ya kutoa rangi ya jani katika somo la sayansi. Lydiah wa kwaya akaniona na chupa. Sijafika hata kwangu, kanisa zima linajua Lenah anakunywa! Mzee wa kanisa, Bwire, ameniambia, "Mama, Jumapili utubu mbele ya watu, au urudishe kitambaa." Kitambaa changu cheupe cha kichwani cha akina mama wa kanisa, nilichokitia wanga wa muhogo kila Jumamosi miaka kumi na tisa!

Sitatubu.

Mdogo wako,
Lenah

Butere, 13 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama anakula, anakuulizia.

Lakini Lenah, una miaka arobaini na tisa. Masomo ya majani ya nini? Sema "nisameheni" yaishe. Bila kanisa utazikwa na nani?

Dadako,
Ayuma

Huruma, 17 Juni

Dada mpenzi,

Natumaini nyote mko salama.

Jana kanisani walipoita jina langu nilikwenda mbele na jiko, sufuria, chupa za spiriti na iodini, na jani la mkunde wangu wa kwenye mkebe. Mmea niliufungia kabatini siku mbili, kisha nikauanika juani, nusu ya jani nimeifunika karatasi nyeusi.

Nikalichemsha. Nikalitia kwenye kikombe cha spiriti, kikombe ndani ya maji moto, mbali na makaa. Jani likapauka, spiriti ikawa kijani.

"Nani ataonja? Lydiah, karibu."

Watu kicheko!

Nikadondosha iodini. Nusu iliyoona jua ikawa nyeusi kama masizi. Iliyofunikwa, wapi!

"Huo weusi ni wanga," nikasema. "Mungu hulipikia jani kwa jua. Sasa nitubu nini?"

Mzee Bwire akasema, "Hata hivyo, kitambaa."

Nikakivua, nikakiweka mezani. Akakinyakua kwa pupa, akaigonga chupa ya iodini, ikakimwagikia. Doa jeusi tititi! Akakitupa kama kimemuunguza.

"Ni wanga wa muhogo tu, mzee." Nikakiokota, nikakifunga tena.

Wataamua shauri langu Jumapili. Watanikuta nimeketi kwenye benchi langu.

Lenah wako

Butere, 20 Juni

Lenah wangu,

Mama amesomewa barua yako mara mbili, amecheka hadi akakohoa. Mimi nimeona haya kwa niliyokuandikia.

Nakuja na basi la Jumamosi. Tutaketi wote benchi hilo. Doa usilifue.

Dadako,
Ayuma