Rangi ya Msalaba wa Shangazi Priska

Kwa taadhima kuu na majonzi yasiyopimika, familia yote ya Kitandililo inautangazia umma kwamba mwaka umetimia, Shangazi Priska, tangu ulipotutoka. Familia yote, isipokuwa Baba Mdogo Yosefu, ambaye bado anatafuta kiatu cha kushoto.

Tunakumbuka ulivyonusa viazi vya mbegu kabla ya kuvipanda, na ulivyovaa koti lako jeupe la maabara hata ukikamua ng'ombe. Miaka mingi pale kituo cha utafiti ulihangaikia kiazi kinachostahimili ugonjwa wa ukungu. Ukakipata. Kibao kikasimikwa kwenye shamba la kituo kule Kichiwa: "Mgunduzi: Dokta Hezekia." Huyo alikuwa bosi wako. Hatukuwahi kuona tope kwenye viatu vyake.

Mbegu ilipoanza kuuzwa Makambako, kwa bei ya wenye mashamba makubwa tu, uliketi mlangoni pa duka na gunia lako, ukamgawia kila mama ndoo moja. Mlinzi akafoka, "Mama, hapa hairuhusiwi kugawa!"

"Basi na wewe lete ndoo, mwanangu."

Akaleta.

Sasa, Shangazi, kuna jambo. Wiki iliyopita kibao cha Kichiwa kilikutwa jina la Dokta limezibwa kwa rangi nyeusi, na chini yake pameandikwa "Priska". Dokta Hezekia alikuja kutupa pole. Alikunywa chai huku macho yake yakikagua mikono yetu. Mama yako, Bibi Hilda, anamshuku Yosefu. Yosefu anamshuku Dokta mwenyewe, eti dhamiri imemsuta. Mwanao Idda anamshuku yeyote aliyecheka kanisani. Asiyeshukiwa ni mmoja tu: Remmy, mtoto wa kaka yako, mwanafunzi wa bweni, kijana mpole asiye na makuu.

Leo asubuhi, kama ilivyo desturi, tulikwenda kupaka upya msalaba wako. Rangi nyeupe ilitosha. Ya kuandikia jina iliishia njiani.

"Remmy," Bibi Hilda akaita, "rangi nyeusi niliyomnunulia mwanangu imekwenda wapi?"

"Labda imekauka, Bibi."

"Imekaukia kwenye kucha zako?"

Basi, Shangazi, ni mimi: niliyeandika kibao, na ninayeandika tangazo hili. Nilikusudia kuchota kidogo tu, lakini jina la Dokta ni refu, na kulifuta kulikula karibu kopo zima. Yeye simwombi radhi. Nakuomba wewe, kwa kukuachia msalaba wenye nusu ya jina.

Bibi hakunichapa. Alimtuma Yosefu Makambako akanunue makopo mawili.

"Moja la kaburi," alisema. "Na kile kibao kirudiwe, mvua isije ikakifuta."

Wanaokukumbuka: mama yako Hilda, mwanao Idda, mdogo wako Yosefu, ambaye kiatu chake kimepatikana, nami Remmy, mwenye kucha nyeusi. Sisi hatutakusahau kamwe, na watu wa Kichiwa tutahakikisha hawatakusahau.