Picha za Bunge la Wajerumani

Jumatano, 12 Novemba. Wiki ya tisa tangu nitoke Songea.

Bado naziwaza zile picha za Bunge la Wajerumani wa zamani, tulizozikuta tukikwangua rangi kwenye jengo lao hapa Tabora. Mama mtunza jengo alinionyesha waziri mkuu wao, mzee wa masharubu, amevaa kijeshi. Mbunge mmoja amesimama anampinga, na yeye amekaa kimya anasikiliza. Babu zetu waliobeba pembe za ndovu kwa njia hii hawakuulizwa kitu, najua. Lakini picha ile nimeipenda.

Sisi vibarua humtuma mpishi apeleke maombi yetu kwa msimamizi. Langu la ruhusa lilikataliwa, na arobaini ya baba ni Jumamosi.

Leo wakati wa uji nikasimama mwenyewe.

"Kaa chini, mheshimiwa," msimamizi akasema. Wenzangu wakacheka.

Sikukaa. Nikasema mimi ndiye mtoto mkubwa, na hata kumzika baba sikuwahi.

Akaweka kikombe chini, akanisikiliza hadi mwisho. "Mpishi aliniambia umechoka tu, unataka kupumzika."

Kesho alfajiri napanda basi. Jumatano ijayo nitakuwa hapa tena, na kikwangulio changu.